Uzi Mwekundu wa Mama Bakiri

Kila asubuhi, kwa miaka miwili, Emérite alifanya jambo lile lile. Saa kumi na mbili anachemsha chai ya tangawizi, anajaza kikombe kikubwa, anakifunika kwa kisahani, anapita kwenye ujia wa ile nyumba kuukuu ya Bellevue, Afrika Kusini, akinyata kama mwizi. Anakiweka juu ya kigoda mbele ya mlango wa Gogo, anabisha mara mbili, kisha anakimbia. Mlango unapofunguliwa yeye yuko barazani tayari, ameinamia cherehani yake, anaitia matone matatu ya mafuta, utadhani hajainuka pale tangu jana.

Gogo, ambalo kwa Kizulu ndilo neno la bibi, lilikuwa jina ambalo wapangaji wote walimwita mwenye nyumba. Hakuwahi kuuliza habari ya chai ile. Aliinywa, akaosha kikombe, akakirudisha jikoni.

Lakini Jumanne hiyo ya mwezi wa sita, mwaka 2017, baridi imekaza na nyasi za uani zimekuwa nyeupe kwa sakitu, mlango ulifunguliwa kabla Emérite hajabisha. Chai ilimwagikia kisahani. Gogo alisimama mbele yake, shali begani, na mkononi amekunja shati la kaki.

"Leo nimekukamata, mwanangu," alisema.

Kiswahili cha Gogo kilikuwa cha Morogoro. Alikwenda huko msichana wa miaka kumi na saba, mwaka 1976, wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi, akatoroka na wenzake kupitia mipaka miwili mitatu hadi Tanzania. Alikaa uhamishoni miaka kumi na mitano. Aliporudi kwao alikuwa mama mzima, anaota ndoto zake kwa Kiswahili.

"Shikamoo, Gogo," Emérite alisema, macho kwenye kisahani.

"Marahaba. Ijumaa ni tarehe kumi na sita, kumbukumbu ya wale wanafunzi wa Soweto. Shule ya pale juu wameniomba nikazungumze na watoto. Nataka kulivaa hili, ila nimenenepa. Nipanulie ubavuni, na ulitazame kwa jumla. Wewe ndiye fundi."

Emérite alilipokea shati kwa ncha za vidole. Lilikuwa la kiaskari, mifuko miwili kifuani, rangi imefifia kama udongo wa kiangazi. Gogo alidhani ni baridi inayomfanya alishike hivyo.

Haikuwa baridi. Huko Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, Emérite akiwa na miaka sita, wanaume waliovaa rangi hiyo hiyo walibisha mlangoni saa ya chakula. Walisema wanapigania wananchi na kwamba wanamhitaji baba yake kwa dakika chache tu. Ugali wa baba ulipoa mezani, ukakauka, na kwa siku nne mama hakumruhusu mtu kuuondoa.

Hayo Emérite hakuwahi kumwambia Gogo. Kuna mengi hakuwahi kumwambia. Mwaka 2015, mwezi wa nne, watu walipopita mitaani na marungu wakiwatafuta wageni, Gogo alitoa kiti cha jikoni akakiweka katikati ya geti, akaketi na beseni la njegere mapajani. Akamenya njegere siku tatu. Kundi lilipofika, Emérite alikuwa nyuma ya pazia. Alimsikia akiwaambia, bila kupandisha sauti, kwamba nyumba ni yake na waliomo ndani ni wake, na anayetaka kuingia na asogeze kiti hiki na aliyekikalia. Hakuna aliyesogeza. Walitukana, wakapita.

Jioni yake wapangaji wote walikwenda kumshukuru. Mmoja alipiga magoti, mwingine aliimba. Emérite alisimama nyuma ya wote, na zamu yake ilipofika alisema, "Gogo, njegere zimebaki? Nikusaidie?" Tangu siku ile ndipo chai ilipoanza.

*

Jumatano alasiri Emérite alikuwa barazani akifumua mishono ya ubavuni kwa wembe, Gogo akiota jua kwenye kiti kile kile cha jikoni. Théodore, Mkongo wa Uvira aliyepanga chumba cha nyuma, alikuwa ameegemea nguzo akimalizia mkate kabla ya kwenda zamu. Alikuwa mlinzi wa usiku katika ghorofa moja Hillbrow, na alikwisha kuvaa sare. Kwapani alibana mto wa kiti uliosinyaa.

"Dada fundi," alisema, "unijazie huu mto. Kiti cha pale lindoni kinaniuma mpaka kwa roho."

Emérite alitabasamu, akazoa matambara na nyuzi zilizozagaa chini ya cherehani pamoja na yaliyokuwa kwenye mfuko wake wa mabaki, akaujaza mto, akaufunga kwa mishono mikubwa ya haraka.

Hapo geti lililia, akaingia Zinzi, mjukuu wa Gogo, mwanafunzi wa chuo kikuu wa mwaka wa pili, kofia nyeusi imelala upande. Kiswahili cha bibi yake alikielewa tangu utotoni, ila kukizungumza alijikwaa, akachanganya na Kiingereza na Kizulu kama mtu anayepika kwa kilichopo.

Aliliona shati. "Eish, Gogo. Kweli utavaa hiyo?"

"Kwa nini nisivae?"

"Hiyo ni ya makumbusho. Watoto wa pale watauliza swali moja tu. Mlikwenda mbali kujifunza bunduki, halafu mkarudi mkashikana mikono na wazungu, mkacheka kwenye picha. Ardhi iko wapi? Kazi ziko wapi? Mlitoka simba, mkarudi paka."

"Zinzi!" Théodore alishtuka. "Mtu mkubwa anaambiwa hivyo?"

"Mwache," Gogo alisema. "Nilimwambia baba yangu maneno mabaya kuliko hayo. Endelea."

"Nimemaliza."

"Basi miye nianze," Théodore alisema, akapangusa makombo mdomoni. "Samahani, Mama Gogo, nakuheshimu sana. Lakini kwetu kila mwenye bunduki anasema ni ya raia. Kundi hili, kundi lile, wote wanapigania raia. Na kitu cha kwanza wanachopiga ni mbuzi wa raia. Kisha raia mwenyewe. Miye mtu akinionyesha gwanda na kuniambia shujaa, natafuta njia ya kukimbilia."

"Wewe mwenyewe umevaa gwanda," Zinzi alimrukia.

"Hili la kulinda lifti. Silaha yangu ni tochi, na betri zimekwisha."

Zinzi alicheka bila kupenda, kisha akakaza uso. "Wale wa kwenu si sawa. Wa kwetu walipigania watu weusi. Bila wao wewe usingepata hata chumba hapa."

"Watu weusi? Mwaka juzi waliokuja hapa getini na marungu walikuwa wazungu? Kule stendi ya teksi ninaitwa kwerekwere, tusi lenu kwa wageni, sijasikia nikiitwa mweusi mwenzetu."

Zinzi aliivua kofia yake, akaivaa tena.

Hapo Gogo aliingilia. Mikono yake ilikuwa imepishana kifuani, na kidole gumba kimoja kilikuwa kikisugua kiwiko cha mkono wa pili, mazoea yake anapofikiri.

"Sisi tulifundishana kwamba mweusi si ngozi tu," alisema. "Kila aliyekanyagwa, akasimama na kusema sikanyagwi tena, huyo ni mweusi mwenzetu. Hatukuuliza mpaka."

"Basi miye ni mweusi mara mbili," Théodore alisema. "Mnipe na cheti."

"Na wewe nisikilize. Nilibeba bunduki miezi minane, sikumpiga mtu. Lakini mwenzangu mmoja alitega bomu mjini, katika jengo la serikali. Aliyekufa alikuwa mama mfagiaji, mweusi kama mimi, amebeba ndoo. Jina lake nalijua. Kila mwezi wa sita nalitaja, peke yangu, chumbani. Kwa hiyo usidhani mimi sijui magwanda ni nini. Na wewe Zinzi usidhani simba hana aibu."

Pikipiki ilipita barabarani. Gogo aligeuka.

"Na wewe, fundi? Wewe ndiye mwenye shati mkononi. Unasemaje? Nilivae au nisilivae?"

Emérite alihisi moto masikioni. Maneno yote yalikuwepo, baba, ugali, pazia, kiti cha jikoni, yote yamesongamana mlangoni kama watu kwenye basi, na hakuna lililotaka kumpisha mwenzake. Wote watatu walimtazama.

"Mimi nashona tu, Gogo," alisema.

Gogo aliitikia kwa kichwa, polepole. Haukuwa uso wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba yenye taa, akasikia kimya. Aliingia ndani. Théodore akabeba mto wake akaenda zake Hillbrow, na Zinzi akamfuata bibi yake.

Emérite aliendelea na wembe. Kwa kuwa alishindwa kusema, aliamua kufanya kazi ambayo haitakuwa na doa. Alipanua ubavu, akageuza kola, akakaza vifungo. Kiwiko cha kushoto alikuwa amekwisha kukishughulikia mchana, kabla Gogo hajatoka kuota jua. Palikuwa na tundu lililozibwa kwa uzi mwekundu, mshono mnene, umepinda, umeparamiana kama jani lililoliwa na kiwavi. Katika chuo cha ufundi mjini, ambako alisoma ushonaji miaka miwili, mwalimu wao angelitupa dirishani. Emérite alikuwa ameukata mshono ule kwa wembe, kifundo kwa kifundo, akavuta uzi wa kaki kutoka ndani ya pindo la chini, akalifuma tundu kwa mikono mpaka likapotea kabisa. Vipande vyekundu alivipukuta, vikaanguka chini, kati ya matambara.

Alipofagia jioni, chini palikuwa safi. Hakuona sababu ya kulikumbuka jambo hilo tena.

*

Alhamisi saa sita mchana Gogo alilivaa shati mbele ya kioo cha ujiani. Lilimkaa kama limezaliwa naye. Zinzi, aliyelala pale usiku huo, alisema, "Sawa, paka amependeza," na Gogo akampiga kofi la mapenzi begani.

Kisha kidole gumba cha Gogo kikaenda kwenye kiwiko. Kikasugua. Kikatafuta. Gogo akaukunja mkono, akautazama kiooni, akaugeuza dirishani penye mwanga.

"Uzi wangu uko wapi?" aliuliza.

"Uzi gani, Gogo?"

"Mwekundu. Hapa."

Emérite alielewa kabla hajajibu. "Nimeuondoa. Ulikuwa... haukushonwa vizuri. Nimeziba upya."

Gogo alikaa kwenye kigoda kile cha chai.

"Aliushona Mama Bakiri," alisema. "Jirani yetu wa Morogoro, ng'ambo ya reli. Nilikuwa na malaria, nimetapika hadi nyongo, na shati langu limechanika. Mwaka ule Tanzania nzima haikuwa na sabuni, haikuwa na sukari. Majirani wengine walinung'unika, hawa Waafrika Kusini wanakula mahindi yetu, kwao hawarudi? Mama Bakiri alikuwa akiwasikia. Akaja na uji, akaketi kitandani kwangu, akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine. Hakuona vizuri, maskini, alikuwa na mtoto wa jicho. Ndiyo maana ulipinda."

Alifuta pua kwa ncha ya shali.

"Lori la kuturudisha nyumbani lilikuja alfajiri. Yeye alikuwa shamba. Sikumuaga. Sikumwambia hata neno moja. Nilipoandika barua, Bakiri mwanawe alijibu kwamba mama amekwisha kuzikwa." Akamtazama Zinzi. "Kesho sikutaka kuwahutubia watoto habari za bunduki. Hizo watazisikia kwa wengine, kila mtu na upande wake. Nilitaka kuinua mkono huu, niwaonyeshe uzi. Niwaambie ni nani aliyetulisha tulipokuwa wageni. Na kwamba ndiyo sababu nilikaa getini. Lile beseni la njegere nilikuwa nalipa kwa Mama Bakiri. Sasa nitawaonyesha nini?"

Emérite alikumbuka matambara aliyoyazoa jana chini ya cherehani.

"Mto," alisema.

"Nini?"

"Mto wa Théodore!"

Walitoka mbio. Théodore, aliyerudi zamu asubuhi, alikuwa usingizini chumba cha nyuma, anakoroma, na mto ule, badala ya kuuacha kwenye kiti, alikuwa ameulalia kichwani. Zinzi aliuchomoa kutoka chini yake. Théodore aliruka akitafuta tochi.

"Wezi!"

"Ni sisi. Lala."

"Nilalie nini sasa? Mnachukua hata mto wa mkimbizi?"

Walipomweleza, alikaa kitandani akikuna ndevu. "Usiku kucha nimekalia Tanzania," alisema, akavaa viatu akawafuata.

Waliumwaga mto juu ya shuka nyeupe barazani, wote wanne wakaupigia magoti. Vitambaa vya vitenge, vipande vya pazia, zipu mbovu, nyuzi za kila rangi. Walichambua kama wanaochambua mchele. Na kwa kuwa hawakuweza kunyamaza, waliendelea pale walipoachia jana.

"Kwa hiyo Mama Bakiri alikuwa mwanamapinduzi," Zinzi alisema, akiinua uzi, akautupa. Ulikuwa wa machungwa.

"Alikuwa mama mwenye uji," Théodore alisema. "Usimvishe kofia yako."

"Kumlisha mpiganaji ni siasa."

"Kumlisha mgonjwa ni kumlisha mgonjwa. Miye bado sijakubali habari ya bunduki."

"Na mimi bado sijakubali habari ya kushikana mikono. Huu hapa!"

Ulikuwa wenyewe. Mwekundu uliochujuka, urefu wa kucha. Gogo aliupokea kiganjani. Baada ya hapo walipata mwingine, na mwingine, mpaka jua likahamia upande wa pili wa nguzo. Vipande kumi na kitu, vifupi vyote, kwa sababu wembe ulikuwa umevikatakata. Hakuna hata kimoja kilichoweza kuingia sindanoni.

"Nitoe uzi kwenye fulana yangu?" Zinzi aliuliza kwa sauti ndogo. "Ni nyekundu. Ujazie."

"Usiongeze kitu," Gogo alisema. "Kilichopotea kimepotea."

Gogo alilivua shati lile, Emérite akalitandaza kwenye meza ya cherehani. Ukikitazama kiwiko dhidi ya mwanga, nje ya pale alipolifuma tundu, vijitundu vya sindano ya Mama Bakiri vilikuwa bado vinaonekana, vimepinda pale pale alipopinda yeye. Emérite alivilaza vipande juu ya njia ile, kimoja kimoja, kwa ncha ya sindano, akavishikiza kwa uzi wa kaki mwembamba, mshono mdogo kila upande, mdogo kama chawa. Hakunyoosha kitu. Palipopanda alipandisha, palipokwenda kombo alikwenda kombo. Katikati palibaki pengo la upana wa vidole viwili, akaliacha. Hakuwahi katika maisha yake kushona kitu kibaya kwa uangalifu namna ile.

Alipomkabidhi Gogo, alitaka kusema. Alisema, "Usilifue kwa mashine."

"Ahsante, fundi," Gogo alisema, kidole gumba tayari kiko kiwikoni.

*

Ijumaa, siku ya sikukuu, barabara ilikuwa kimya. Saa kumi na mbili Emérite alichemsha chai ya tangawizi, akajaza kikombe, akakifunika kwa kisahani. Alifika mlangoni kwa Gogo, akainama kukiweka kwenye kigoda. Kisha akainuka nacho. Alibisha mara mbili. Miguu ilitaka kwenda, kama ilivyozoea, naye akaikanyagisha sakafuni.

Mlango ulifunguliwa. Gogo alikuwa amekwisha kulivaa. Emérite aliona kwanza ile rangi, mifuko miwili, vifungo, na moyo wake ukapiga kama siku ile ya Buyenzi. Halafu akaona kiwiko.

"Bado uko hapa?" Gogo alisema, amestaajabu.

"Gogo, juzi uliniuliza swali, sikukujibu."

"Uliniambia unashona."

"Ninaliogopa shati hili." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Waliomchukua baba yangu walivaa rangi hii. Walisema ni kwa ajili yetu. Hakurudi. Sitalipenda, Gogo, hata ukilivaa wewe, na kuhusu bunduki niko upande wa Théodore. Waambie watoto kwamba aliyekushonea analiogopa."

Gogo aliweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Lakini livae. Mwaka ule ulipokaa getini nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kutoka nikae nawe, nikashindwa. Jioni nilitaka kukwambia, nikauliza habari za njegere." Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, akamnyooshea. "Siku zote hizi, Gogo, chai hii ilikuwa inasema badala yangu. Leo nasema mwenyewe. Asante. Niko hai kwa sababu ulikaa pale. Asante sana, Gogo."